Miji Mitatu Iliyoziba Ufa

1. Mtaa wa kati

Kila mji una mahali pake pa kati. Hapo ndipo njia zikutanapo, na hapo ndipo watu wa mashamba wafikapo na mizigo yao siku ya soko. Yako maduka ya nguo na ya vyombo, iko posta, yuko fundi cherehani barazani kwake, na yuko muuza kahawa. Mtu akimtafuta mwenziwe asijue nyumba yake, humngoja hapo, kwa kuwa mwenziwe hana budi kupita.

Katika nchi ya Marekani miji midogo mingi ilijengwa hivyo hivyo katika karne ya 19. Aghalabu barabara ya maduka iliitwa Main Street, yaani Barabara Kuu. Pande zake mbili zilijengwa nyumba za matofali au za mawe, zimeshikana ukuta kwa ukuta, nyingi za orofa mbili au tatu. Chini palikuwa na duka lenye madirisha makubwa ya kioo. Juu aliketi mwenye duka na jamaa zake, au mganga, au mwanasheria, au mpangaji aliyelipa kodi ya nyumba kila mwezi. Kodi ya orofa ya juu ilisaidia kulipia paa, na duka la chini lilipata wateja katika watu waliokaa juu. Hivyo nyumba moja ilikuwa na mapato mawili, na barabara haikuwa tupu mchana wala usiku.

Habari hizi zaeleza jinsi barabara hizo zilivyodhoofika, na jinsi miji mitatu ilivyotafuta njia ya kuzifufua.

2. Jinsi barabara zilivyodhoofika

Zamani mtu wa shamba aliyekwenda mjini kwa gari la farasi hakuweza kwenda mbali na kurudi siku moja. Kwa hiyo alinunua vitu vyake katika mji ulio karibu. Mwaka 1908 kampuni ya Henry Ford ilianza kuuza motokaa ya namna iitwayo Model T, na hata ilipoacha kuiunda mwaka 1927, zilikuwa zimetoka kama 15,000,000. Sasa mkulima aliweza kuupita mji wake mdogo na kwenda mji mwingine ulio mkubwa zaidi, kisha akarudi kabla ya jua kuchwa.

Mwaka 1956 bunge la Marekani lilitoa sheria ya kujenga barabara kubwa mpya za motokaa, urefu wake maili 41,000, yaani kilomita 66,000 hivi. Mahali pengi barabara hizo zilipita kando ya miji midogo, msafiri asipate sababu ya kusimama mjini. Mwaka huo huo, huko Edina karibu na Minneapolis, lilifunguliwa jengo kubwa liitwalo Southdale. Lilichorwa na Victor Gruen, mjenzi mzaliwa wa Vienna. Ndani yake maduka mengi yalikaa chini ya paa moja, wala hapakuwa na baridi ya kipupwe wala joto la kiangazi. Nje palikuwa na viwanja vipana vya kuegesha motokaa. Majengo ya namna hiyo yakaenea katika nchi yote.

Tazama basi yaliyofuata katika mji mdogo. Kwanza huhama duka kubwa la nguo. Maduka madogo ya jirani yalikuwa yakiishi kwa wateja waliokuja kwa ajili ya duka lile kubwa. Wateja wakipungua, muuza viatu hufunga, kisha kinyozi, kisha mwenye mkahawa. Wapangaji wa juu nao huondoka. Mwenye nyumba asipopata kodi, hana fedha ya kusafisha wala kutengeneza mfereji wa bati upokeao maji ya paa. Mfereji huziba majani, maji hufurika, na badala ya kushuka chini huingia ukutani.

Katika nchi ya baridi maji hayo ni adui mkubwa. Wakati wa kipupwe huganda yakawa barafu, na barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji. Kwa hiyo hupanua ufa mdogo ukawa mkubwa. Mwaka wa pili maji mengi zaidi huingia, na ufa huongezeka tena. Mfereji ungaliweza kuzibuliwa kwa kazi ya asubuhi moja. Baada ya miaka kumi ukuta mzima waweza kuwa katika hatari ya kuanguka. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walakini yako majengo ambayo yakiisha kuanguka hapana awezaye kuyajenga tena kama yalivyokuwa.

3. Dawa ambazo hazikuponya

Watu hawakukaa bure huku mji wao ukiharibika. Walijaribu dawa nyingi.

Wengine walidhani ya kuwa wateja wamekimbia kwa sababu nyumba zimezeeka. Wakanunua mabamba ya madini mepesi, wakafunika sehemu yote ya mbele ya nyumba, madirisha na nakshi pamoja, ili ionekane mpya. Lakini wateja hawakurudi kwa ajili ya mabamba. Na mahali pengine nyuma ya mabamba yale unyevu ulikusanyika, usionekane na mtu, ukaozesha mbao.

Wengine walibomoa. Sheria ya mwaka 1949 iliiwezesha serikali kuu kuipa miji fedha za kununua mitaa iliyochakaa na kuivunja ili ijengwe upya. Mahali pengine majengo mapya yalijengwa. Lakini mahali pengi, nyumba zilipokwisha kuvunjwa, hakutokea mtu wa kujenga, na palipokuwa na maduka kumi pakabaki kiwanja cha motokaa.

Wengine tena walifunga barabara, motokaa zisipite, wakapanda miti na kuweka viti. Mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan ulifanya hivyo mwaka 1959, kwa mashauri ya Victor Gruen yule yule, na miji mingi ikaufuata. Mahali penye watu wengi wapitao kwa miguu, jambo hilo laweza kufaa sana. Lakini katika mji wenye watu wachache, barabara iliyofungwa ilizidi kuwa kimya, na miji mingi baadaye ilizifungua tena barabara zao. Kalamazoo yenyewe iliruhusu motokaa kupita tena katika sehemu ya barabara hiyo mwaka 1998.

Dawa hizo tatu zafanana kwa jambo moja. Kila moja ilikuwa kazi kubwa iliyofanywa mara moja, na ilipokwisha, kila mtu alirudi nyumbani kwake kungoja matokeo.

4. Miji mitatu yachaguliwa

Kuna shirika katika Marekani lililoanzishwa mwaka 1949 ili kuhifadhi majengo ya kale. Jina lake ni National Trust for Historic Preservation. Mwaka 1977 ofisi yake ya Chicago, chini ya uongozi wa mama mmoja aitwaye Mary Means, ilitaka kujua namna ya kuokoa barabara kuu za miji midogo. Fikira yao ilikuwa hii: mwenye nyumba haachi nyumba yake ioze kwa kuwa aichukia, bali kwa kuwa haimlishi. Kwa hiyo atakaye kuokoa jengo la kale hana budi kwanza kutafuta njia ya kulifanya jengo hilo lipate riziki yake.

Miji yenye watu wasiozidi 50,000 iliitwa kushindana, na makumi ya miji iliomba. Ikachaguliwa mitatu.

Wa kwanza ni Madison, katika jimbo la Indiana, kando ya mto Ohio. Ulianzishwa mwaka 1809, na katika siku za merikebu za moshi ulikuwa bandari yenye utajiri. Reli ya kwanza ya jimbo hilo ilianzia hapo. Lakini reli nyingine zilipojengwa, biashara ilihamia miji mingine, na Madison ukaacha kukua. Kwa sababu hiyo hapakuwa na mwenye fedha wa kuvunja nyumba za zamani ajenge mpya, na nyumba nyingi za matofali zikabaki kama zilivyokuwa. Umaskini wenyewe ndio uliozihifadhi, na umaskini huo huo ukawa tayari kuziangusha.

Wa pili ni Galesburg, katika jimbo la Illinois, mji wa reli na wa viwanda, ulioanzishwa mwaka 1837. Huo ulikuwa mkubwa kuliko wenziwe. Wakati ule watu wake walipata kama 35,000.

Wa tatu ni Hot Springs, katika jimbo la South Dakota, mji mdogo sana kuliko wote, katika milima iitwayo Black Hills. Jina lake maana yake ni chemchemi za moto. Mwisho wa karne ya 19 watu walikuja kwa gari la moshi kuoga katika maji hayo, nao wajenzi wakajenga majumba kwa jiwe la mchanga lenye rangi nyekundu nyekundu. Siku za waogaji zilipopita, majumba yale mazuri yakabaki makubwa mno kwa mji mdogo.

5. Mtu mmoja na kazi nne

Kila mji ulipewa mtu mmoja wa kusimamia kazi hiyo kwa miaka mitatu, kazi yake ikiwa hiyo tu, na wataalamu wa ujenzi na wa biashara wa kumshauri. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililotofautisha kazi hii na zile za kwanza. Jengo kubwa la maduka lina mkurugenzi mmoja. Yeye huamua saa za kufungua, husafisha njia, na hutangaza maduka yote pamoja. Barabara kuu ina wenye nyumba makumi, kila mmoja na shauri lake, wala hakuna hata mmoja awezaye kuwaamuru wenziwe. Msimamizi hakuwa na amri. Alikuwa na miguu ya kwenda duka kwa duka, na ulimi wa kupatanisha.

Kutokana na yaliyojifunzwa katika miji ile, kazi iligawanywa sehemu nne.

Kazi ya kwanza ni kushirikiana. Wenye maduka, wenye nyumba, mabenki, baraza la mji na watu wa kawaida hukaa pamoja na kugawana kazi. Ugomvi mmoja ulio maarufu katika miji mingi ni huu: wenye maduka hulalamika ya kuwa wateja hawapati mahali pa kuegesha motokaa, kumbe nafasi zilizo mbele ya maduka zimejaa motokaa zao wenyewe na za karani wao, tangu asubuhi hata jioni. Mwenye duka mmoja akiondoa yake peke yake, jirani yake hupata nafasi bure, naye huona amefanywa mjinga. Wote wakikubaliana siku moja kuegesha nyuma ya nyumba, kila mmoja hufaidika, wala haikugharimu kitu.

Kazi ya pili ni kutengeneza. Mabamba huondolewa, madirisha husafishwa, rangi hupakwa, mibao mikubwa ya matangazo hupunguzwa ili jina la kila duka lisomeke. Matengenezo hufanywa nyumba kwa nyumba, kwa kadiri ya fedha iliyopo. Jirani aonapo nyumba ya pili imependeza, huona haya kuiacha yake.

Kazi ya tatu ni kutangaza. Watu waliozoea kwenda mahali pengine hawana budi kupewa sababu ya kurudi: siku ya soko la mboga, ngoma, maonyesho, au sikukuu ya mji. Siku hiyo yenyewe huenda isilete faida kubwa, lakini mtu aliyekuja kucheza hukumbuka ya kuwa fundi wa viatu angaliko.

Kazi ya nne ni kukuza biashara, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Yapasa kuhesabu: mji una watu wangapi, wanunua nini, na kitu gani huenda kukinunua mbali? Duka dogo likishindana na duka kubwa kwa bei ya sabuni, litashindwa. Lakini laweza kuuza kitu kisichopatikana kule, au kumtengenezea mteja kilichoharibika, au kumjua kwa jina. Na orofa za juu zilizo tupu yapasa zirudishiwe wapangaji, ili nyumba ipate tena mapato yake mawili. Serikali nayo hutia mkono. Tangu mwaka 1986 sheria humpunguzia kodi ya serikali mtu atengenezaye jengo la kale la biashara kwa kufuata kanuni za uhifadhi. Humpunguzia kiasi cha asilimia 20 ya gharama ya matengenezo.

6. Chokaa na saruji

Katika kutengeneza, nia njema haitoshi, yataka maarifa. Mfano wake ni ukuta wa matofali ya kale.

Matofali ya zamani aghalabu yalikuwa laini, nayo yaliunganishwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko tofali, na hupitisha unyevu. Mvua ikilowesha ukuta, maji hutoka polepole kwa njia ya chokaa, na baada ya miaka mingi chokaa huliwa, tofali lisidhurike. Basi fundi huikwangua chokaa iliyokwisha na kutia nyingine. Kwa hiyo chokaa hujitoa ili kuliokoa tofali.

Fundi asiyejua huona ya kuwa saruji ni ngumu kuliko chokaa, akaitia saruji mahali pake, akijisifu ya kuwa ameimarisha ukuta. Lakini saruji haipitishi maji kwa urahisi. Unyevu ukikosa njia, hukaa ndani ya tofali. Baridi ikija huganda, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Saruji hubaki imesimama peke yake kama masega yasiyo na asali. Vivyo hivyo mtu asafishaye ukuta wa kale kwa kuupiga mchanga kwa nguvu ya pampu huondoa uchafu, na pamoja nao ile ngozi ngumu ya tofali iliyotokana na moto wa tanuri. Ukuta hung'aa mwaka mmoja, kisha huanza kunywa maji.

Hiyo ndiyo sababu wasimamizi wa miji ile walihitaji washauri waliojua majengo. Atengenezaye asichokifahamu aweza kuharibu zaidi kuliko yeye aliyeacha.

7. Yaliyowezekana na yasiyowezekana

Miaka mitatu ilipokwisha, matokeo yalitosha kuwapa watu moyo. Mwaka 1980 shirika lile lilianzisha ofisi maalum ya kufundisha kazi hiyo, na majimbo sita yakachaguliwa kuanza: Colorado, Georgia, Massachusetts, North Carolina, Pennsylvania na Texas. Tangu wakati ule zaidi ya miji na mitaa 2,000 imefuata njia hiyo. Mwaka 2006 sehemu ya kale ya Madison iliandikwa katika orodha ya mahali penye sifa kuu katika historia ya taifa la Marekani.

Hata hivyo haifai kudhani ya kuwa barabara nzuri huponya kila ugonjwa. Galesburg ulikuwa na kiwanda kikubwa cha majokofu cha kampuni ya Maytag. Mwaka 2004 kiwanda hicho kilifungwa na kazi yake ikahamishwa Mexico. Watu kama 1,600 wakakosa kazi. Mtu aliyepoteza mshahara hanunui viatu, hata kama dirisha la duka limepakwa rangi. Barabara kuu huishi kwa kazi za watu wa mji, na kazi hizo zikitoweka, maduka huona njaa pamoja nao.

Yako na madhara ya upande wa pili. Mtaa ukifanikiwa sana, kodi za nyumba hupanda, na fundi mzee aliyevumilia miaka ya shida aweza kufukuzwa na mafanikio yenyewe. Mji wenye busara hulifikiri jambo hilo mapema, wala haungoji mpaka wazee wake wamekwisha kuondoka.

Lakini miji hiyo mitatu ilionyesha jambo lililokuwa limesahauliwa. Mji hauharibiki siku moja. Huharibika kwa mfereji mmoja ulioziba, kwa duka moja lililofungwa, kwa chumba kimoja cha juu kilichoachwa kwa popo. Na kwa njia hiyo hiyo hutengenezwa: mfereji mmoja, duka moja, chumba kimoja, mradi awepo mtu wa kuikumbuka kazi kila siku, na majirani walio tayari kusikilizana. Haba na haba hujaza kibaba; lakini kibaba chenyewe hakina budi kuwa na mtu wa kukishika.

Maswali

1. Kwa nini nyumba ya orofa ilikuwa na mapato mawili?
2. Eleza jinsi mfereji ulioziba uwezavyo kuangusha ukuta katika nchi ya baridi.
3. Taja dawa tatu zilizojaribiwa zisiponye. Zafanana kwa jambo gani?
4. Umaskini uliyahifadhije majengo ya Madison?
5. Kwa nini wenye maduka walipaswa kukubaliana wote pamoja juu ya kuegesha motokaa zao?
6. Kwa nini haifai kutia saruji katika ukuta wa matofali ya kale?
7. Tazama barabara ya maduka ya mji ulio karibu nawe. Ni ufa gani uwezao kuzibwa mwaka huu, na ni nani wapaswao kukaa pamoja ili uzibwe?